Mshona Kofia na Mwizi wa Majani ya Waridi

Hapo zamani, enzi ambazo amri ya mfalme ilifika mjini mapema kuliko mawazo yake, palikuwa na mji uitwao Vumbani, na katika mji huo alikaa mtu mmoja jina lake Feruzi. Feruzi hakuwa na shamba wala duka, hakuwa na mke wala godoro. Alikuwa na kanzu moja na dada mmoja. Kanzu ilikuwa imechakaa, lakini dada yake, Mize, alikuwa ameolewa na Fundi Mbaruku, mshona kofia, mtu mpole asiyepandisha sauti, na hapo kwao ndipo Feruzi alipokula na kulala.

Si kwamba Feruzi hakupata kazi. Alipata nyingi, na zote alizitenda kama alivyoambiwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yake. Tajiri mmoja alimwambia, "Kaa na maziwa haya, angalia yasimwagike." Feruzi akakaa, akaangalia. Akaja paka, akayanywa mpaka sufuria ikang'aa. Tajiri aliporudi akaanza kufoka, naye akamjibu kwa adabu, "Bwana, hata tone halikumwagika. Yamenywewa." Mwenye duka mwingine alimwambia, "Simama hapa mpaka nirudi," na wateja walipomwomba ainame awachotee mchele guniani, akakataa, maana aliyesimama hainami. Basi watu wa Vumbani wakamwita mjinga, naye hakugombana nao, kwa kuwa mtu aitwaye mjinga hatumwi mbali.

Sasa Sultani wa mji huo, Sultani Muhsini, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwepesi wa hasira na mwepesi wa amri, na kati ya hasira yake na amri yake hapakuwa na nafasi ya kupita sindano. Kitu alichokipenda kupita vyote ni mawaridi. Bustani yake ya waridi ilipandwa na marehemu mama yake, mawaridi mekundu, meupe, na mengine ya rangi ya chungwa lililoiva, na kila asubuhi, kabla ya kwenda kusikiliza mashauri, Sultani alishuka akanywa kahawa kati ya maua yale, peke yake, kama mtu aliyekwenda kumwamkia mama.

Asubuhi moja akaona jambo. Majani ya waridi yalikuwa yamekatwa. Hayakutafunwa, hayakukauka. Ukingoni mwa kila jani palikuwa pametolewa kipande cha mviringo, safi, laini, kama mtu ameweka sarafu juu yake akaizungusha mkasi. Maua yenyewe hayakuguswa. Sultani akamwita Waziri Taufiki, na Waziri akalilaza jani moja kiganjani, akaligeuza huku, akaligeuza kule, akanena:

"Bwana wangu, kiwavi akila jani huacha makombo kama mtoto alaye wali. Panzi huraruararua. Hapa sioni jino la mdudu. Huu ni mkasi."

"Mkasi wa nani?"

"Hilo, bwana wangu, mkasi wenyewe hausemi."

Basi Sultani akaghadhibika, na kabla kahawa haijapoa mpiga mbiu alikuwa njiani. Mikasi yote ya Vumbani iletwe ikulu, ya mafundi, ya vinyozi, ya akina mama, na atakayeficha hata nusu ya mkasi ataona. Nyembe nazo zikachukuliwa, ikisemwa kwamba wembe ni ndugu yake mkasi. Visu vikasalimika, kwa sababu Sultani alipenda nyama ya kuchoma na Waziri alikuwa mtu wa kuona mbali. Mikasi ikatiwa katika sanduku kubwa la chuma, likafungwa, na ufunguo Sultani akauvaa shingoni.

Mwezi ukaandama, ukaisha, na mwingine ukaandama. Vinyozi wakakaa vibarazani wakicheza bao. Wanaume wa Vumbani wakawa na nywele kama vichaka, mabibi harusi wakangoja nguo zisizoweza kukatwa, na watoto wakaogopa baba zao. Sultani mwenyewe, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujipendelea, akaziacha ndevu zake mpaka zikamfika kifuani. Watunza bustani wakapewa mikuki, wakaambiwa wakeshe ukutani. Na pamoja na hayo yote, majani ya waridi yakazidi kukatwa.

"Basi yupo aliyeficha mkasi," akasema Waziri. "Tujiulize, bwana wangu. Ni nani katika mji huu ajuaye kukata duara zuri namna hii?"

Jibu lilijulikana hata kwa mtoto. Kofia ina ukuta wake na ina kipande cha mviringo cha juu, na hakuna aliyekata kile cha juu kwa usawa kama Fundi Mbaruku. Ikawa askari wakaenda wakamtoa kibarazani pake, sindano ingali mkononi.

Mbele ya baraza Sultani akamwonyesha majani. Mbaruku akayatazama sana, kwa jicho la fundi, akasema, "Bwana wangu, kazi hii ni njema, lakini si yangu. Duara langu ni la kichwa cha mtu. Hizi kofia zatosha kichwa cha nani?"

"Hilo ndilo nitakalo unieleze wewe," akasema Sultani. "Niletee anayevaa kofia zilizoshonwa kwa majani yangu. Ikifika Ijumaa hukumleta, mkono wako wa kulia utakatwa, usikate tena."

Wakampeleka kifungoni, wala hakuna aliyeuliza atamletaje mtu akiwa humo. Jioni ile Mize alipika kama kawaida, akampakulia kaka yake kama kawaida, akaketi mbele yake bila kula.

"Kaka," akasema, "hebu nikuulize. Mbaruku amewahi kukuuliza utahama lini?"

"Hata siku moja."

"Amewahi kukuita mjinga?"

Feruzi akafikiri. "Alinishonea kofia. Akaniambia kichwa changu kina umbo zuri."

"Watu wa mji huu wanakucheka. Mimi nimekua nawe, na sijawahi kukuona ukikosea neno uliloambiwa. Wao ndio husema hivi wakimaanisha vile. Sultani naye ni mtu wa maneno mengi. Nenda kwake, kaka. Kamsikilize vizuri kama ujuavyo wewe."

Feruzi aliogopa. Lakini alikumbuka jinsi shemeji yake alivyokuwa akimsogezea kipande kikubwa cha samaki bila kusema kitu, na asubuhi akavaa ile kanzu yake moja akaenda ikulu.

Sultani alipomwona akauliza jina lake, akaambiwa, akatabasamu ndani ya ndevu. "Feruzi yule wa maziwa?"

"Ndiye mimi, bwana wangu."

"Umekuja na nini?"

"Nimekuja na masikio tu. Nimesikia unamtafuta mwizi, na waliotumwa wote wamerudi mikono mitupu. Mimi naomba nitumwe. Ila niambie maneno yako kamili, bwana, niyafuate."

Watu wa baraza wakacheka, na Waziri akacheka kuliko wote. Sultani naye, kwa mzaha uliochanganyika na uchovu, akaona si vibaya. Akamwita mpiga mbiu asogee, asikie, akatangaze, akanena hivi:

"Sikiliza basi. Walinzi wangu wamekesha wamesimama, hawakuona kitu. Wewe utalala bustanini mwangu, usitoke, mpaka umpate huyo mwizi. Utamweka mbele yangu, akiri kwa kinywa chake mwenyewe, bila kupigwa wala kutishwa. Akikiri, mkono wake wa kulia utakatwa. Na yeyote aliyempa nyumba ya kukaa, awe mkubwa awe mdogo, atatoka katika mji huu siku iyo hiyo kwa miguu yake. Mbaruku atakuwa huru. Lakini Ijumaa ikifika hujampata, Mbaruku ataupoteza mkono wake, nanyi nyote wa nyumba yake mtauhama mji wangu. Umesikia?"

"Nimesikia, bwana wangu. Nilale?"

"Ulale."

Feruzi akaingia bustanini, akachagua mahali penye kivuli, chini ya mwaridi mkubwa mwekundu, akalala chali. Walinzi wakaegemea mikuki yao wakimtazama.

"Wewe umekuja kumkamata mwizi au kupumzika?" mmoja akamwuliza. Huyu alikuwa mzee wa bustani, aliyemtumikia mama yake Sultani tangu ujana, na mkuki ulimkaa mkononi kama mwiko kwa seremala.

"Nimeamriwa nilale, babu."

"Huku ndiko kulinda?"

"Kulinda sikuambiwa."

Usiku ukaingia, Feruzi akasinzia usingizi wa mtu aliyeruhusiwa. Kulipokucha walinzi wakaenda kupumzika, kwa kuwa wezi, wote wajuavyo, ni watu wa usiku. Feruzi akafumbua macho lakini hakuinuka, maana hakuna aliyemwambia ainuke. Na hivyo ndivyo alivyoiona bustani ya Sultani kutoka chini, upande ambao hakuna mtu aliyewahi kuutazama.

Kwanza aliona kwamba machipukizi ya waridi yamejikunja, na vichwa vya maua machanga vimeshikamana kama vidonda. Alipokaza macho akaona vidudu vya kijani, vidogo kuliko punje ya mtama, vimejibana shingoni mwa kila tumba, tumbo kwa mgongo, vikifyonza. Sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka, wakilamba utamu uliotiririka. Akamwita mzee wa bustani aliyekuwa akiondoka na mkuki wake.

"Babu, hawa ni kina nani?"

Mzee akainama kwa shida. "Hao ni vidukari. Hao wabaya hasa. Zamani kila asubuhi tukiwapitia na maji ya sabuni, tukiwasugua kwa vidole, tukikata ncha zilizoharibika. Wiki moja tu ukiwaachia, ua halifunguki."

"Na sasa?"

"Sasa mimi ni askari," akasema mzee, akaenda zake.

Jua likapanda. Sultani akashuka na kahawa yake, akaketi penye kiti chake cha bustani. Kiti hicho kilikuwa cha mianzi, kipana, chenye mikono ya mianzi minene iliyoachwa wazi nchani, na hakuna mwingine aliyekikalia.

"Umemwona?" akauliza, bila kumtazama mtu aliyelala miguuni pake.

"Bado, bwana wangu."

"Haya, lala."

Ndipo akaja nyuki. Hakuwa nyuki wa mzinga, hakuja na kundi; alikuwa peke yake, mnene, mweusi mweusi, mwenye manyoya mekundu tumboni. Akatua ukingoni mwa jani la waridi juu kabisa ya pua ya Feruzi, akalishika kwa miguu, akaanza kukata. Alizunguka kama mkono wa fundi unavyozunguka kitambaa, na kabla mtu hajamaliza kuvuta pumzi kipande kilikuwa kimetoka, duara kamili, naye amekikumbatia chini ya tumbo akiruka nacho. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha Sultani. Akazunguka, akarudi, akazunguka tena, akasubiri juu ya waridi jeupe, kwa sababu kiganja cha Sultani kilikuwa kimeziba ncha ya mwanzi. Sultani alipomaliza kahawa na kwenda zake, nyuki akaingia ndani ya ule mkono wa kiti na kipande chake, akatoka bila kitu, akaenda kutafuta kingine.

Feruzi alicheka kimyakimya mpaka mwaridi ukatikisika na petali zikamwangukia usoni. Kisha akaacha kucheka. Alimkumbuka Sultani alivyosema yale maneno, moja baada ya jingine, akayarudia kichwani polepole, akatambua yanakompeleka mfalme. Mtu aweza kuwa na haki na bado akapoteza kichwa. Siku zilizobaki alilala bila kulala, akimtazama nyuki akienda na kurudi, akiwaza namna ya kusema.

Ijumaa asubuhi Waziri akatuma askari amlete Feruzi barazani. Feruzi akakataa kwa heshima. "Niliambiwa nisitoke bustanini mpaka nimpate mwizi, na kumpata ni mpaka akiri. Bwana wangu na aje yeye, na baraza lake, na Fundi Mbaruku, na mpiga mbiu." Ikabidi iwe hivyo. Wakaja wote, mijitu yenye nywele ndefu ikajazana kati ya miba, na nyuma ya lango akasimama Mize, ushungi ameuuma kwa meno.

Sultani akaketi kitini pake, akaweka mikono yake juu ya mikono ya kiti. "Mwizi yuko wapi?"

"Yuaja, bwana wangu. Ni mtu wa kazi, hachelewi."

Nyuki akaja na kipande cha jani. Akakuta mlango umezibwa na kiganja cha mfalme, akaanza kuvuma mbele ya pua yake. Sultani akanyanyua mkono amfukuze.

"Usimfukuze, bwana wangu," akasema Feruzi. "Ni mwenye nyumba."

Sultani akaduwaa, mkono ungali hewani, na papo hapo nyuki akapita chini ya kidole chake chenye pete, akaingia ndani ya mwanzi. Nyuki akatoka mtupu, akaruka hadi mwaridi uliokuwa karibu na goti la Sultani, akatua juu ya jani, na mbele ya mfalme na waziri na baraza lote akalikata duara, akaenda nalo.

"Amri yako, bwana wangu, ilisema akiri kwa kinywa chake mwenyewe, bila kupigwa wala kutishwa," akasema Feruzi. "Hakupigwa. Hakutishwa. Na kinywa, sote tumekiona."

Kisha akaomba ruhusa, akapiga magoti penye mkono wa pili wa kiti, ambao mwanzi wake ulikuwa umekwisha kuzibwa, akachokoa kwa kijiti akatoa kitu kama sigara ya kijani. Akakiweka kiganjani mwa Sultani. Kilikuwa mfuko mdogo uliokunjwa kwa majani ya waridi, jani juu ya jani, bila uzi, na juu yake kimefunikwa kwa viduara vilivyokaa sawasawa. Ndani yake, juu ya donge la chavua, alilala mtoto wa nyuki, mweupe, mnene, hana habari na serikali.

"Na huyu," akasema Feruzi, "ndiye mvaa kofia."

Fundi Mbaruku, aliyekuwa amefungwa mikono, akanyoosha shingo akaichungulia ile kazi. "Mashallah," akasema taratibu. "Na hana hata sindano."

Sultani akaugeuza ule mfuko kiganjani, akaugeuza tena. Waziri akajongea, akasema, "Bwana wangu, hukumu ni hukumu. Mwizi akatwe mkono wa kulia."

"Naam," akasema Feruzi, "ila huyu ana miguu sita na mbawa, mkono hana. Amri ilitaja mkono."

Watu wakaanza kucheka chini kwa chini. Sultani naye mdomo ukamcheza, akasema, "Basi kwa huyo yamekwisha. Shauri limekwisha."

Feruzi akashusha macho. Hapa ndipo alipokuwa amepaogopa. "Bwana wangu, limebaki neno moja. Mimi sitaki kulisema. Mpiga mbiu alisikia, na ndiyo kazi yake."

Mpiga mbiu, mtu aliyezoea kutamka bila kufikiri, akajaza kifua na kunadi kwa sauti yake ya sokoni: "Na yeyote aliyempa nyumba ya kukaa, awe mkubwa awe mdogo, atatoka katika mji huu siku iyo hiyo kwa miguu yake." Alipofika mwisho ndipo alipokitazama kiti, akatazama aliyeketi, akarudi nyuma hatua moja.

Bustani nzima ikasikika mvumo wa nyuki mmoja tu. Waziri akasema haraka kwamba amri haimhusu mwenye amri, kwamba mwanzi si nyumba, kwamba mtu huyu mjinga afungwe. Sultani akamwinulia mkono anyamaze. Uso ulikuwa umemwiva. Alimwangalia Feruzi, na Feruzi hakumwangalia.

"Nilisema awe mkubwa awe mdogo," akasema Sultani. "Ulilala pale chini ya miguu yangu, ukajua, ukaninyamazia?"

"Nililala, bwana wangu, na nimewaza. Amri yasema atoke. Nimeirudia kichwani kila siku, mbele na nyuma. Haisemi popote kwamba asirudi."

Sultani akamtazama. Kisha akasimama, akavua joho akamtupia Waziri, akatoka kwa miguu yake, na akawakataza watu wasimfuate.

Akapita katika mji wake bila askari, na hakuna aliyemjua, kwa kuwa na ndevu zile alifanana na kila mwanamume wa Vumbani. Alimwona kinyozi akimwelezea mwenziwe jinsi kazi ilivyokuwa tamu zamani. Alimwona msichana ameshika jora la hariri mapajani, zima, halijaguswa, na mama yake akimwambia, "Vumilia, mwanangu, mkasi utarudi." Akapita lango kuu, akaketi nje ya ukuta juu ya jiwe. Palikuwa na mama mmoja hapo mwuza vitumbua, akamtazama mtu yule amechoka, akampa kitumbua kwenye kipande cha jani la mgomba.

"Kula, mwanangu. Umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa, mama."

"Kosa gani?"

"Nilimpa mwizi nyumba."

"Kaiba nini huyo mwizi?"

Sultani alitafuna kwanza. "Majani."

"Majani ya nini, ya tumbaku?"

"Ya waridi. Na si mengi. Alikuwa akiwakunjia watoto wake vitanda."

Yule mama akaacha kugeuza vitumbua vyake, akamgeukia. "Na aliyekufukuza wewe kwa jambo hilo, mwanangu, ana akili timamu?"

Hapo Sultani Muhsini akacheka. Alianza kwa kujizuia, kisha kitumbua kikamkwama, yule mama akampiga mgongoni, naye akazidi kucheka mpaka machozi yakaloa ndevu. Alikuwa hajacheka hivyo tangu msiba wa mama yake. Akamshukuru mwuza vitumbua, akainuka, akaingia mjini kwa lango lile lile.

Siku hiyo hiyo sanduku likafunguliwa, na Vumbani ikasikika mikasi mpaka magharibi, kama mvua ya manyunyu. Vinyozi hawakula mchana. Fundi Mbaruku akafunguliwa, akaenda nyumbani na mkewe, na Mize safari hii akala sahani mbili. Walinzi wakaweka mikuki, wakarudi kwenye ndoo zao za maji ya sabuni. Sultani mwenyewe akakunja mikono ya kanzu, na mzee wa bustani akamfundisha kuwasugua vidukari kwa ncha ya vidole bila kuvunja tumba, na kukata ncha zilizojikunja mahali panapofaa. Alisitasita mwanzoni, kisha akazoea. Mawaridi yakachanua ilipofika mwezi mchanga, na majani yao yenye duara hayakumkera mtu. Kiti cha mianzi wakaachiwa nyuki, na Sultani akanywa kahawa yake juu ya mkeka.

Akamwita Feruzi, akamwuliza ataka nini. Feruzi akasema hataki kitu, ila kama ipo kazi isiyohitaji kusimama, angeifikiria.

"Ipo," akasema Sultani. "Kuanzia leo hakuna amri itakayotoka hapa kabla wewe hujaisikiliza. Mimi nitasema ninachotaka, nawe utaniambia nilichosema."

Waziri Taufiki alinung'unika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi Feruzi aliketi juu ya mkeka akiwa na kikombe chake, akasikiliza, akarudisha amri moja baada ya nyingine kama mtu anayechambua mchele. Nyingi hazikupona. Zilizopona zilikuwa fupi. Mwaka haukupita, mpiga mbiu akakosa cha kutangaza, akaenda kujiunga na yule mama wa vitumbua nje ya lango, na kwa kuwa sauti ya kunadi alikuwa nayo, hawakulala na hata kitumbua kimoja kisichouzwa.